Aliyepiga Pasi Nguo za Mwanangu

Mama mwenzangu, kabla hujamvalisha mtoto nguo iliyoshinda kwenye kamba, ipige pasi. Ipige nje na ndani, usiruke mishono wala kiuno cha chupi. Kama huna pasi, kaazime kwa jirani, hata kama ni yule usiyemwamini. Nimeanza na hilo ili hata ukichoka kusoma ukaishia hapa, mwanao awe salama. Yanayofuata ni aibu yangu mwenyewe.

Niliishia shule ya msingi, lakini mwandiko wangu ni mzuri. Katika nyumba tunayopanga, mwenye barua ya kuandika huja kwangu. Hilo nalo liliniponza.

Nyumba yetu ina vyumba saba, mlango kwa mlango, na uani tuna bomba moja na kamba moja ya nguo. Kila chumba kina kwao. Ukisimama uani jioni unasikia lugha nne zikiwagombeza watoto. Tulikuwa tumezoeana kwa kununiana na kupatana, mpaka chumba cha mwisho kilipopata mpangaji mpya. Hapo ndipo tulipokumbuka ghafla kwamba sisi wengine ni ndugu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa kushona, peke yake na cherehani yake na pasi ya mkaa. Alitoka mbali, kwa watu ambao ukiwataja unapunguza sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akikusalimia, macho yake yalikuwa kwenye nguo uliyovaa, si usoni. Jirani wa chumba cha mbele, tunayemwita Bi Redio kwa kuwa hazimwi, alimpachika jina la Mgeni Rasmi. "Kaja na kiti chake, kakaa mbali, anasubiri kuhutubiwa," akasema, na sote tukacheka.

Mimi nafanya kazi ghala la mbegu. Kazi ni kuchambua, kutupa zilizotobolewa na kubakiza nzima. Natoka alfajiri, narudi jioni. Nina binti wa miaka sita, kitinda mimba wangu, tunamwita Kifaranga kwa kuwa hatoki ubavuni kwangu nikiwepo. Nguo zake nafua kabla ya kutoka, nazianua nikirudi.

Jumatano moja narudi, nakuta nguo za Kifaranga zimekunjwa mlangoni kwangu. Zote zimegeuzwa ndani nje, zina joto bado, zinanuka mkaa. Zangu ziliachwa kambani vile vile. Nikauliza ni nani. Bi Redio akanyoosha kidole chumba cha mwisho, akaniambia amemwona kwa macho yake akichagua moja moja, za watoto tu.

"Za mtu mzima atazifanyia nini?" akasema. "Inayotafutwa ni damu changa."

Usiku ule nilizinusa zile nguo kama paka. Nilikagua mishono, nikatafuta uzi mgeni, unga, nywele. Sikuona kitu, na kutoona kitu kukanitisha zaidi. Kesho yake nikazifua upya.

Iliendelea hivyo majuma matatu. Siku ya mapumziko nikamfuata mlangoni. Alikuwa anashona, akasimamisha cherehani kwa kiganja. Nikamuuliza nguo za mwanangu anazitakia nini. Alitafuta maneno, akayapata machache.

"Nzi, mama. Hapa nzi mbaya. Mtoto." Akajidunga mkono kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayepanda mbegu.

Mimi nikasikia tusi. Nikaona anasema sisi ni wachafu, tunanyemelewa na nzi. Nikamuuliza kama kwao hakuna nzi.

"Wapo," akasema. "Ndiyo najua."

Nikamwambia asiguse tena kitu cha mwanangu, hata soksi. Akasema sawa. Na kweli hakugusa tena. Hilo pia nililitilia shaka: mbona amekubali upesi hivyo?

Ili niwe na uhakika, nikafunga kamba yangu nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na choo. Hakuna anayepita huko. Jua halifiki, na maji ya bomba hutiririkia hapo, ardhi ni mbichi mwaka mzima. Nguo zilichelewa kukauka, nyingine nilizianua na unyevu wake, lakini roho yangu ilitulia. Nilijisifu kazini kwamba mimi si wa kuchezewa.

Siku kumi baadaye Kifaranga akaanza kujikuna. Yakamtoka majipu manne, matatu kiunoni na moja begani. Hayakuwa majipu niliyoyazoea. Kila moja lilikuwa na kitundu juu kama limechomwa sindano. Nilipomshika akalia, akaniambia, "Mama, kinatembea."

Nikamtoa nje kwenye mwanga, na wanawake wakaja kuangalia. Bi Redio akatikisa kichwa taratibu. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja. Sasa limekuja."

Fundi naye alitoka. Alipoona kiuno cha mtoto alirudi ndani mbio, akaja na kopo la mafuta mazito ya kujipaka. Akachota kwa kidole, akainama, akamwita Kifaranga kwa mkono. Nilimnyakua mwanangu nikaingia naye ndani, nikafunga komeo. Kwa nje nilimsikia akisema, "Mama, paka. Paka, kisha ngoja." Na Bi Redio akisema kwamba mtu huyu amekuja kumalizia kazi yake.

Ndipo nikaandika barua kwa mwenye nyumba. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, mistari imenyooka. Niliandika kwamba mpangaji wa chumba cha mwisho anachukua nguo za watoto wetu bila ruhusa na kuzipitisha motoni, na sasa watoto wanaugua. Niliandika watoto, wakati aliyekuwa akiugua ni mmoja, wangu. Mtoto mmoja alionekana mdogo sana kwenye karatasi. Vyumba sita vikatia sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba.

Mwenye nyumba alikuja siku hiyo hiyo. Alisimama uani akaisoma kwa sauti mbele ya fundi, kisha akampa mpaka Jumamosi awe amehama. Fundi aliuliza ni nani ameandika. Mwenye nyumba akaitia barua mfukoni. Fundi akarudi ndani, na tukasikia cherehani ikiendelea.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka Kifaranga zahanati. Muuguzi aliyetupokea aliangalia mara moja tu. Hakuniuliza kuhusu majirani. Alipaka mafuta mazito juu ya kila kitundu, akatuambia tungoje. Baada ya muda akabana kwa vidole viwili, na kikatoka kifunza cheupe, kinene, kinajinyonganyonga. Vikatoka vinne. Kifaranga alilia, halafu akataka kuviona.

"Nguo zake mnaanika wapi?" muuguzi akauliza.

Nikamweleza. Akanieleza kwamba kuna nzi anayetaga kwenye nguo yenye unyevu, hasa kivulini na karibu na ardhi mbichi. Mtoto akivaa, funza anaingia kwenye ngozi. Dawa yake ni pasi tu, nje na ndani. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama mdudu huyo anaweza kutumwa na mtu.

"Huyu hatumwi, mama," akasema. "Huyu anaanikiwa."

Njiani nilihesabu. Majuma matatu fundi alipiga pasi, mwanangu hakutoka hata kipele. Nilipohamisha kamba, siku kumi.

Nilifika nyumbani nikawaeleza wenzangu palepale bombani. Nilidhani watafurahi. Walitazamana. Bi Redio akauliza, "Na yeye alijuaje habari za nzi, kama si wake?" Nikarudia maneno ya muuguzi. Akanitazama juu mpaka chini, kama alivyozoea kumtazama fundi. "Shoga, jana ulikuwa unamwandikia barua, leo unamtetea. Amekupa nini?" Jioni ile watoto waliitwa mmoja mmoja wasicheze na Kifaranga.

Nikaandika barua ya pili. Nikampelekea mwenye nyumba dukani kwake. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Ya kwanza ina majina sita," akasema. "Hii ina moja. Na chumba nimeshakiahidi mtu."

Nilipogonga kwa fundi alikuwa anafunga vitambaa. Nilisema, "Fundi, nimekosa." Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza.

"Mtoto?" akauliza.

"Amepona. Walikuwa wanne."

Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyehesabu akapata jibu alilolitegemea. Nikamwambia barua niliandika mimi.

"Najua. Siku ile wote wananiangalia. Wewe unaangalia chini."

Nikamwambia asiende, alale kwangu na cherehani yake mpaka apate chumba, nitawaeleza watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alivuta fundo la mzigo wake, akasema polepole, akichagua kila neno:

"Leo unasema pole. Kesho mtoto akikohoa?"

Nilitafuta jibu. Mama, nisikudanganye: nilitafuta ndani kabisa, na nikaogopa nilichokikuta. Fundi akarudi kwenye vitambaa vyake.

Jumamosi alikuja mzee wa mkokoteni. Milango yote ilikuwa imerudishwa, na nyuma ya kila pazia palikuwa na macho. Fundi alitoa vitu vyake peke yake, akabaki na kitanda. Nikashika upande mmoja bila kuuliza. Aliniangalia mikono kwanza, mikono yote miwili, kisha akashika upande wake. Tulipita uani. Kwenye kizingiti aliniambia niangalie mguu.

Tulipokwisha pakia, mzee akauliza wanaelekea mtaa gani. Fundi alikaza kamba, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Mzee akarudia swali. Nikaelewa kwamba anangoja niondoke.

Nikageuka nikarudi uani. Nilipofika mlangoni ndipo nilipomsikia akimtajia, kwa sauti ya chini, na sikuweza kusikia ni wapi.