Duara la Inchi Kumi na Mbili

Nilikuwa nimeinama mezani, chaki mkononi, nikichora duara la ishirini na tatu kati ya arobaini, redio ilipoanza kupiga kile kitu.

Nakiita kitu kwa sababu mwanzoni sikujua nikiite nini. Gitaa moja, taratibu, linapanda kidogo, linasita, linapanda tena. Kisha la pili likaingia kwa chini, likalishika mkono lile la kwanza. Hakuna mwimbaji. Mimi si mtu wa kutega sikio. Redio ya karakana yetu kazi yake ni kushindana na kelele za vyerehani viwili na za Mikasi, mwenzangu wa kukata vitambaa, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko kifaa alichopewa jina lake. Lakini chaki ilisimama. Vinyweleo vya mikono navyo vikasimama.

"Jamani!" nikasema. "Jamani, hiki ni kitamu!"

"Kipi tena, Mama Foronya?" Mikasi akauliza, pini mdomoni.

"Nyamaza!"

Alinyamaza, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa gazetini. Magitaa yalikwenda kama dakika kumi na tano hivi, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye oda ya mito arobaini ya stuli za mkahawa, nilisimama nimeduwaa na kucheka peke yangu. Ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha ambalo sikujua kama nyumba inalo. Yalipokwisha nilitaka yaanze tena pale pale.

Ndipo mtangazaji akataja bendi. Akataja albamu. Akasema huo ndio upande wa pili mzima, wimbo mmoja tu, na kwamba siku hizi ukiipata santuri yenyewe, usiiachie.

Nikatazama mkono wangu wa kushoto.

Chini ya kiganja changu, nyeupe kwa vumbi la chaki mpaka ikafanana na sahani ya kulia, ilikuwa ile santuri. Kwenye lebo ya upande wa pili, kwa kalamu ya wino mzito na mwandiko wangu mwenyewe: STULI, INCHI 12.

"Mikasi," nikasema, "mimi ni mpumbavu."

"Hilo la leo?" akajibu.

Niwaeleze. Nikiwa na miaka kumi na tisa na kaka yangu ishirini na mbili, tulichanga miezi mitano ili tununue albamu moja, na nikala kiapo kwamba nitachagua mimi. Muuza santuri alikuwa na sheria yake: kusikiliza kabla ya kununua ni kwa wanaonunua mbili. Basi nikachagua kwa jalada. Dada wa suruali ya manjano anashuka kwenye pikipiki, meno yote nje. Nikajua humo ndani kuna dansi la kuvunja viuno.

Tukafika nyumbani, tukaweka. Magitaa yakaanza kutambaa. Nikasubiri ngoma, wapi. Nikageuza upande wa pili, mambo yakazidi: huko hata wa kuimba hakuna. Nililia kwa hasira. Miezi mitano ya kujinyima soda, halafu muziki wa kungojea daktari!

Kaka akaipenda. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kila Jumapili baada ya kuoga alilala chini, kichwa karibu na spika, macho kayafumba, upande wa pili mwanzo mpaka mwisho, kisha tena, nami nikikimbilia nje nisiusikie. Marafiki zangu wakija na santuri zao za kuchezea wanakuta bwana huyo kalala hapo. Walinong'ona, walinicheka. Siku moja nikapiga moyo konde. Nikaificha santuri chini ya kikapu cha vitambaa, nikamwambia kaka nimeikalia kwa bahati mbaya.

"Vipande viko wapi?" akauliza.

"Nimetupa."

Alichukua jalada tupu, akalifuta kwa mkono wa shati, akaliweka juu ya kabati. "Basi," akasema. Hakunigombeza. Hajanunua muziki tena mpaka leo.

Nilikusudia kuirudisha hasira zikiisha. Kisha nikaingia kwenye ufundi wa makochi, na siku ya kwanza kuletewa stuli nikahitaji kitu cha mviringo chenye inchi kumi na mbili kamili. Nikakumbuka kikapu. Unaiweka kitambaani, unazungusha chaki ukingoni, unaongeza upana wa kidole kwa ajili ya mshono, unakata. Haikosei hata nusu inchi. Miaka thelathini na miwili! Kaka hajawahi kuiona humu karakanani, kwa kuwa yeye ni dereva wa lori na uchochoro wetu hauingiliki na lori. Mito yake namkabidhi barabarani. Kila mwaka namshonea mmoja wa kiti chake, mgongo unamsumbua. Na kila mwaka nauchora kwa kutumia nini? Msiniulize.

"Anapita leo," nikamwambia Mikasi. "Saa sita. Kuchukua mto wake."

"Na ndiyo safari ya mwisho, ulisema."

Ndiyo. Akishusha mzigo wa leo anastaafu na kuhamia kwa binti yake, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu. Nikatazama saa, ilikuwa nne na nusu. Ningemsikilizisha kaka yangu! Ningemwambia ukweli na kumwekea wimbo wake papo hapo, mimi mwenyewe niliyeuita muziki wa kungojea daktari. Ila kama santuri imekufa, ningekuwa na ukweli mtupu mkononi, na huo peke yake sikuwa na ubavu wa kumpa.

Nikaikumbatia, nikatoka mbio na tepu ya kupimia shingoni.

Fundi redio wa mtaani kwetu ana mashine ya santuri aliyoachiwa na mteja ambaye hakurudi. Alipoiona ile sahani nyeupe aliishika kwa ncha za vidole.

"Hii umekuwa ukiifanyia nini? Ukiikatia vitunguu?"

"Nachorea stuli. Usinihubirie, osha!"

Akaiosha kwa maji ya sabuni na brashi laini, anazunguka nayo taratibu, taratibu kiasi kwamba nilitaka kumnyang'anya. Maji yakawa kama maziwa. Weusi ukaanza kutokeza, unang'aa. Mikasi naye akaja, kafunga karakana bila ruhusa yangu. Alisema hawezi kukata kitambaa ilhali mtu anafufuliwa jirani.

"Mimi niliwahi kununua albamu kwa sababu ya masharubu ya mwimbaji," akatuambia, bila kuulizwa. "Masharubu yalikuwa mazuri. Nyimbo sasa! Nikampa dada yangu zawadi ya arusi. Juzi nimezisikia kwake, nikamwomba anirudishie. Kakataa."

"Haki yake," akasema fundi redio.

Akaikausha, akaweka upande wa kwanza. Ilitoka sauti ya mafuta ya kukaangia. Huo ndio uliokuwa ukilalia vitambaa, turubai na ngozi, ukisuguliwa miaka yote. Haukuwa na wimbo tena.

"Geuza," nikamwambia.

Upande wa pili, wenye mwandiko wangu, ulikuwa ukikaa juu daima ili nisome kipimo. Ulipata viganja tu. Fundi akashusha sindano ukingoni. Ikateleza, ikakwaruza, hakuna kitu. Akainua, akatazama kwa kioo chake cha kukuzia.

"Ukingoni chaki imekwisha kuwa saruji. Miaka yote unazungusha hapo hapo. Mwanzo wa wimbo umekwenda." Akasogeza sindano ndani, upana wa kidole kimoja. Ule ule upana ninaouongeza kwa mshono.

Magitaa mawili yakajaa chumba kizima.

Nilipiga kelele mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. Nikamkumbatia Mikasi, nikamkumbatia fundi redio, nikakaribia kuikumbatia mashine. Yalikuwa yanavuma, yanapasuka pasuka, lakini yapo, yako hai! Sikiliza hilo la chini linavyomsubiri mwenzake! Nilikuwa na masikio gani mimi nikiwa na miaka kumi na tisa? Au labda yalikuwa masikio mazuri tu, yenye haraka. Nilitaka kila kitu kinirushe juu. Nikiwa na thelathini nilitaka kwaya zenye watu mia. Sasa nataka vitu viwili vinavyosikilizana, na hivyo nilikuwa nimevitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Lakini mwanzo hauna," nikasema, furaha ikinipungua. "Yeye anaupenda kuanzia mwanzo."

Honi ya lori ikalia barabarani. Mara mbili fupi, moja ndefu. Alikuwa amewahi.

Nilimkuta kashuka, anajinyoosha mgongo, kofia kaisukuma nyuma. Akatazama mikono yangu.

"Mdogo wangu, mto uko wapi?"

"Kaka, njoo kwa fundi redio."

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Njoo." Kisha nikaona nikifika naye mlangoni nitaingiwa na woga, nikasimama hapo hapo kando ya gurudumu. "Ile santuri yetu. Sikuikalia. Haikuvunjika. Niliificha kwa sababu marafiki zangu walikuwa wananicheka, kisha nikawa naitumia kuchorea stuli, na leo nimeisikia redioni na nimeipenda kufa, na nimekudanganya miaka thelathini na miwili, kaka. Nisamehe."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Alitazama tairi. Nilimwona anafungua na kufumba mkono wake wa kulia, nikajua ameumia, tena ameumia kweli, wala hakuna mzaha wa kunitoa hapo.

"Unachorea stuli," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mito yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavuta pumzi. "Kwa hiyo wewe hukuikalia. Nimeikalia mimi." Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja, na sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka. Kilikuwa cha pili, na cha kwanza kidogo.

Alipanda kwenye lori, akarudi na bahasha kubwa ya karatasi ngumu, imeunganishwa kwa gundi kila kona. Ilikuwa na hati za gari. Kwa mbele, amefifia mpaka suruali ya manjano ikawa rangi ya chai, dada yule anashuka kwenye pikipiki.

"Askari wote wa barabarani wanamjua huyu," akasema. "Twende."

Tuliingia. Mikasi akampisha kiti. Kaka hakukaa, alishuka chini sakafuni, mzee mzima na mgongo wake, akaegemeza kichwa karibu na spika na kufumba macho. Fundi redio akanitazama. Nikamwinamia kaka.

"Mwanzo haupo," nikamwambia. "Chaki imeula. Itaanzia katikati, usije ukashtuka."

"Weka ukingoni," akamwambia fundi, macho yamefumbwa bado. "Weka panapostahili."

Sindano ikashuka ukingoni. Ikakwaruza. Khrr, khrr, khrr, hakuna wimbo. Nilikunja uso, naona aibu mpaka kisogoni.

Na kaka akaanza kupiga mluzi.

Mluzi ule naujua. Ukoo wote unaujua. Ni mluzi wake mmoja usio na kichwa wala miguu, anaoupiga akiwa anaendesha, akiwa ananyoa ndevu, akiwa anangoja chakula. Mkewe ameupiga marufuku ndani ya nyumba. Mimi mwenyewe nimemwambia mara ngapi kwamba anaita nyoka. Sasa niliusikia juu ya mkwaruzo wa chaki yangu: unapanda kidogo, unasita, unapanda tena. Ndio ule ule wa asubuhi. Alikuwa nao wote, noti kwa noti, na hakuwa na mahali pengine pa kuusikia ila kichwani mwake.

Mikasi alijiziba mdomo. Mimi sikuziba chochote, machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka.

Sindano ikafika kwenye upana wa kidole. Ikadaka. Magitaa yakaingia, na yakamkuta kaka pale pale walipopaswa kukutana, si mbele, si nyuma. Akauacha mluzi taratibu, akayaachia yaendelee. Nilikaa chini karibu naye, kichwa upande wa pili wa spika, na tukasikiliza upande mzima. Lori lilikuwa limezuia nusu ya barabara. Watu walipiga honi, wakachoka.

Ulipokwisha, fundi redio akainua sindano.

"Rudisha," kaka akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanzo tutaupiga wote wawili safari hii. Lamba midomo."