Jiwe Chini ya Msumari

Beji yangu ilisoma juu kuliko beji zote za chumba cha eksirei. Beji ni kidude cha plastiki tunachobandika kifuani. Kinakusanya mionzi unayopata, na kila baada ya miezi mitatu kinapelekwa Arusha kusomwa. Yangu ilirudi na barua. Nikaambiwa nikae nyumbani mpaka kamati ikutane Ijumaa saa nane mchana. Nikishindwa kujieleza, kazi sina. Nina stashahada ya radiografia na miaka kumi na tisa kazini. Sichezi na mashine.

Nilimpigia Gerson, ofisa wa mionzi aliyeandika barua.

"Ukitoka kazini, beji inalala wapi?" aliuliza.

"Nyumbani," nikakiri. Beji hailetwi nyumbani. Mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi hivyo. Lakini nilizoea kuiacha kwenye sare, na sare naitundika kwenye msumari chumbani kwa baba mkwe, maana nyumba yetu ya Soweto, hapa Moshi, ina kabati moja na limejaa. Chini ya msumari kuna sanduku lake la mbao.

Mzee Onesphory alihamia kwetu kutoka kijijini Kibosho mwezi wa tatu, baada ya kuvunjika nyonga. Alikuja na rozari, blanketi na sanduku hilo. Nilikuwa nafagia kulizunguka. Kwetu mkwe hafungui sanduku la baba mkwe, hata likitoa moshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Violet. Na leo huendi kazini?"

"Nimesimamishwa. Sandukuni kuna nini?"

"Nguo."

"Baba, nguo hazinifukuzishi kazi."

"Kuna jiwe langu."

Ndipo akanieleza. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda kuchimba ulanga, madini ya maganda yanayong'aa, milima ya Uluguru. Siku moja akatoa jiwe jeusi, zito kama chuma, lenye ganda la njano. Bosi wao alidondoshea tindikali kwenye ule unjano, ukatoa povu, naye akaruka kama mtoto. Akasema ni ruthafodini, madini ya urani yasiyopatikana ovyo. Akalipasua jiwe vipande viwili. Kimoja alikipeleka Ulaya na kadi yenye jina lake mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeliokota. Cha pili Onesphory alikificha ndani ya blanketi.

"Miaka sitini nawaambia watu, wanacheka," alisema. "Mama yenu alikuwa analitumia kukandamiza mfuniko wa pipa la pombe ya mbege."

Hata mimi nilikuwa nimecheka hadithi hiyo, harusini kwangu.

Ijumaa saa nne asubuhi Gerson alifika na kipimo, glavu na kisanduku chenye kuta za madini ya risasi. Mlangoni kipimo kililia taratibu. Karibu na msumari kikalia kama bisi zinazopasuka.

"Nani analala humu?"

"Mimi," mzee alijibu. "Na bado niko hai."

"Toka kwanza, babu."

Tulimkalisha sebuleni. Gerson akavaa glavu, akainamia sanduku.

"Siyo wewe," mzee akaita. "Mama Violet afungue."

Nikavaa glavu nikafungua. Chini ya suti yake ya harusi, ndani ya soksi, jiwe lilikuwepo. Gerson alilitazama sekunde mbili.

"Uraninaiti, urani ya kawaida. Hiyo njano ni kutu tu."

"Kutu?" sauti ilitoka sebuleni. "Kijana, dondosha tindikali!"

Gerson akaguna, akatoa kichupa mkobani. Nje uani alikwangua punje ndogo ya njano juu ya kisosi, akadondosha. Punje ikachemka povu. Akadondosha tena, kana kwamba kisosi kinamdanganya.

"Itabidi maabara ithibitishe," alisema, "lakini mzee anajua anachosema."

Akalifungia jiwe kwenye kisanduku, akaanza kujaza fomu. Mzee alimwomba asome alichoandika.

"Taka ya mionzi, imekutwa Soweto, Moshi."

"Taka," mzee alisema. Hakupiga kelele. Alivua kofia akaiweka magotini, kama mtu aliyeko msibani.

Saa saba ilikuwa inakaribia, na bila fomu hiyo sikuwa na cha kupeleka kwenye kamati.

"Andika sampuli," nikasema.

"Mama, sampuli ina fomu yake. Inataka aina, mahali, na jina la aliyeokota. Lazima nipigie Arusha waidhinishe, na sasa wako kwenye chakula."

"Piga."

"Na kamati yako?"

"Kamati ina viti. Itakaa."

Tulisubiri. Saa nane kasoro dakika tano simu ikaita, Gerson akaandika upya: Ruthafodini juu ya uraninaiti, inasubiri maabara. Uluguru. Imeokotwa na Onesphory Kimaro, 1964.

Niliingia kwenye kamati nimechelewa nusu saa, natoka jasho. Walinikaripia kwa kuchelewa, wakanikaripia tena kwa kupeleka beji nyumbani, na katika hilo walikuwa na haki. Jumatatu nikarudi kazini. Beji sasa inalala hospitalini.

Nakala ya fomu mzee aliniomba nikaipige lamineshini. Jumapili baada ya misa Kibosho aliwaonyesha wenzake wote, mmoja mmoja, akiegemea magongo yake. Mtori wa ndizi ukapoa nyumbani.

"Baba, mtori umekuwa jiwe," nilimwambia.

"Basi uandikie fomu," akasema.