Daktari, Naomba Usimame

Daktari Ebenezer alikuwa na mikono myepesi, na sifa hiyo aliijua. Mfupa ambao daktari mwingine angeuhangaikia saa tatu, yeye aliuunga kwa saa moja na nusu, akavua glavu na kuuliza nani anafuata. Katika hospitali aliyofanyia kazi mjini Dodoma, wauguzi walifurahia kupangiwa naye zamu kwa sababu chakula cha mchana walikila mchana kweli. Miaka ishirini alikuwa akipasua, na ndani ya miaka hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia asimame.

Mwezi wa saba, baridi imewavalisha watu makoti mpaka saa nne za asubuhi, aliletewa mgonjwa aitwaye Joha.

Joha alikuwa mama wa miaka arobaini na sita, mshonaji wa sare za shule, mwenye kibanda karibu na mnada wa Chemba. Miezi miwili na nusu nyuma alikuwa amepanda mkokoteni wa ng'ombe akitoka kuchukua alizeti shambani. Ng'ombe wakashtuka, akarushwa, akaangukia mkono wake wa kulia. Nyumbani walisema ameteguka tu. Akakandwa kwa maji ya moto, akapakwa samli. Fundi wa mifupa akaitwa, akauvuta mkono mara mbili. Mara ya pili Joha akazimia. Tangu hapo bega likabaki limebonyea upande mmoja, na mkono hauinuki. Ni mdogo wake Nurdini, dereva wa wizara moja kule Mtumba, aliyekwenda likizo akamkuta dada yake anakula kwa mkono wa kushoto. Hakuuliza mengi. Kesho yake alimpakia kwenye basi.

Ebenezer aliiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha ili wote wawili waione.

"Mama, kichwa cha mfupa kimetoka kwenye kikombe chake. Kimehamia huku mbele, chini ya mtulinga. Kwa kuwa siku zimepita nyingi, nyama zimeota makovu na kukishika hapo hapo. Hakirudi tena kwa kuvuta, ni mpaka tufungue."

"Na hatari yake, daktari?" aliuliza Nurdini.

"Hapa kwapani unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono mzima. Umezungukwa na mishipa ya fahamu, ndiyo inayoviamrisha vidole. Mfupa umeisogelea mno. Ukivutwa kwa pupa, mshipa unaweza kuchanika."

Joha alikuwa ameviangalia vidole vyake muda wote huo. Akavikunja, akavikunjua.

"Hivi navihisi, daktari. Nikishika uzi nauhisi. Bega likigoma kupona, nitalivumilia. Vidole usinipotezee."

"Tutajitahidi, mama," akasema Ebenezer. Alimwambia kila mgonjwa hivyo.

Asubuhi ya upasuaji alipoingia thieta alimkuta Joha ameshalala kwa dawa. Kibanio cha kidoleni, kile kinachosoma mapigo na hewa ya damu, kilikuwa mkono wa kushoto kama kawaida. Lakini kulikuwa na kingine, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na mashine yake ndogo imewekwa kwenye meza ya pembeni. Aliyekuwa akikifunga vizuri kwa plasta alikuwa Swaumu, muuguzi mwenye miaka mitatu kazini, binti wa Kondoa asiyekuwa msemaji sana.

"Viwili vya nini?"

"Nimeazima wodini, daktari. Mkono wenyewe ukishafunikwa, hakuna atakayeuona rangi. Nimeona kitusaidie kujua kama damu inafika."

"Hicho kikianza kulia hovyo utakizima."

"Sawa, daktari."

Walianza vizuri. Ebenezer alichana ngozi mbele ya bega, akaitenga misuli, akamkabidhi daktari mwenzake Meshack chuma cha kuvutia nyama pembeni. Mashine ya kwanza ililia mlio wake, na ile ndogo ikaifuatia kama mwangwi, ti, ti, ti. Makovu yalikuwa magumu kuliko alivyotarajia. Yalikuwa meupe, yameshikana na mfupa kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Baada ya nusu saa alianza kuhisi joto shingoni. Alijua kazi inachelewa, na nje kulikuwa na wagonjwa wengine wawili wamefunga kula tangu jana.

"Vuta zaidi, Meshack. Hapo hapo. Nakiona sasa."

Kichwa cha mfupa kilikuwa kimeanza kutikisika. Akauchukua mkono wa Joha, akautanua nje, akaweka nguvu.

Mashine ndogo ikanyamaza.

"Kitakuwa kimechomoka kidoleni," alisema mtaalamu wa usingizi bila kugeuka. "Hii yangu inasoma vizuri."

Ebenezer naye aliwaza hivyo hivyo. Vibanio huchomoka kila siku. Alihitaji msukumo mmoja tu, mmoja, na mfupa ungeachia.

"Daktari, naomba usimame."

Sauti haikuwa kubwa. Swaumu alikuwa amesogea karibu na meza kadiri alivyoruhusiwa mtu asiyevaa nguo safi za upasuaji, macho yake kwenye ile mashine.

"Nilikifunga kwa plasta mara mbili. Hakijachomoka. Mapigo yamepungua kwanza, ndipo yakapotea, wakati ulipoutanua mkono."

Ebenezer alimtazama juu ya barakoa, na baadaye alikuja kukiri kwamba kitu cha kwanza kilichompanda kilikuwa hasira. Kilidumu kwa pumzi moja. Pumzi ya pili alikuwa ameukumbuka uso wa Joha akivikunja vidole vyake.

"Achia chuma, Meshack. Toa kabisa."

Akaurudisha mkono taratibu mpaka ukalala ubavuni. Wote wakageukia mashine ndogo. Sekunde kumi. Ishirini. Mtaalamu wa usingizi sasa alikuwa amesimama. Ebenezer aliingiza pamba kwenye kidonda akiogopa kuitoa imelowa damu mbichi. Ikatoka na waridi hafifu tu. Mshipa haukuwa umechanika. Ilipofika karibu dakika nzima, mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Ti. Kisha ti, ti.

"Alhamdulillahi," alisema Swaumu kwa sauti ya chini.

"Amina," akaitikia Ebenezer.

Kumbe mshipa ulikuwa umenatishwa na kovu nyuma ya mfupa, na kila alipoutanua mkono ulikunjika kama mpira wa maji uliokanyagwa. Msukumo ule mmoja ungeukata.

Akaanza upya, kana kwamba amefika sasa hivi. Aliukunja mkono kwenye kiwiko na kuuweka karibu na mwili ili mishipa yote ilegee. Alipitisha kidole chini ya msuli akautafuta mshipa wa fahamu unaoizunguka shingo ya mfupa, akaupata, mwembamba na mgumu kidogo kama ugwe, na hakusogeza kisu popote mpaka alipokuwa na hakika ulipo. Chuma alikihamishia upande wa nje, mbali na mshipa wa damu, na kila baada ya dakika chache alimwambia Meshack akilegeze nyama zipumue. Makovu aliyabandua kidogo kidogo. Kila alipotaka kuugeuza mkono, kwanza aliuliza.

"Swaumu, vipi?"

"Yapo, daktari."

"Na sasa?"

"Yapo."

Kazi ilichukua saa tatu na dakika kumi. Mfupa uliporudi kikombeni ulitoa mlio mdogo, na mashine ndogo haikunyamaza. Kabla ya kushona, Ebenezer alisema mbele ya wote, "Swaumu, ahsante. Leo umeuokoa mkono wa watu. Umeniokoa na mimi." Swaumu aliinamisha kichwa na kuanza kuhesabu pamba.

Joha alipozinduka vizuri siku ile, Ebenezer alimwambia ainue dole gumba, akainua. Atanue vidole, akatanua. Ashikanishe dole gumba na kidole cha shahada kama anayeshika sindano. Akashika, na machozi yakamtoka. Palikuwa na sehemu moja tu, ubavuni mwa bega, pana kama kiganja, ambapo hakuhisi alipoguswa.

Ebenezer angeweza kulipitia hilo kimya. Badala yake alivuta kiti, akamwita na Nurdini.

"Kuna mshipa mmoja wa fahamu umechoka. Sikuukata, niliuona kwa macho yangu mzima, lakini umevutwa, na huenda ukachukua wiki kadhaa kuamka. Jambo la pili: katikati ya kazi damu ilikoma kufika mkononi kwa muda mfupi. Nilikuwa naendelea. Aliyenisimamisha ni muuguzi Swaumu."

Nurdini alimtazama dada yake, kisha daktari. "Ungeweza kutuficha, daktari," alisema.

"Ningeweza."

"Basi Mungu akubariki kwa kutotuficha. Na huyo binti, tuonyesheni aliko."

Wiki ya tatu ganzi ilikuwa bado ipo. Siku hiyo Ebenezer hakulala vizuri. Wiki ya saba, kliniki, alimgusa Joha begani kwa ncha ya kalamu huku amemwambia afumbe macho.

"Hapo," akasema Joha. "Na hapo. Hapo unanitekenya, daktari." Akauinua mkono mpaka usawa wa sikio, polepole, akikunja uso kwa juhudi, na kuushikilia hewani.

Ebenezer aliweka kalamu mezani. Alimtuma mtu akamwite Swaumu, naye alipoingia, akasalimu, "Shikamoo mama," Joha hakuitikia kwanza. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili na kumwambia maneno mengi kwa Kirangi, lugha ya nyumbani kwao, ambayo Ebenezer, Mgogo wa Mvumi, hakuielewa hata neno.

"Anasemaje?" aliuliza.

Swaumu alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Ananiombea dua, daktari. Ndefu. Na wewe umo."

"Niko sehemu gani?"

"Mwishoni," alisema Swaumu, na wote watatu wakacheka, huku mgonjwa aliyefuata akichungulia mlangoni na kadi yake mkononi.