Nani Anazima Namba Tatu

Barua nilipewa Jumatatu asubuhi, hata chai sijanywa. Ilisema kwamba mimi, Getruda Magige, fundi mitambo wa redio yetu hapa Bunda, nimesababisha redio kuzimika mara kumi na moja ndani ya miezi miwili kwa uzembe, na kwamba Ijumaa saa tisa alasiri nifike mbele ya bodi nijieleze kabla sijaachishwa kazi. Chini kulikuwa na sahihi ya Bwana Mugeta, meneja wetu.

Niliisoma mara mbili, nikaenda nayo ofisini kwake. "Bosi, umeniona kwa macho yako nikizima?"

"Getruda, mitambo iko chini ya nani?"

"Chini yangu."

"Basi. Ikizimika, ni wewe."

Weee! Nilitoka mle masikio yanawaka moto. Mimi kugombezwa nimezoea, nimekulia nyumba yenye wavulana watano. Lakini kusingiziwa, ng'o. Na kuondoka kimya kimya kama kuku aliyemwaga unga, ng'o mara mbili.

Hebu sikia ilivyokuwa. Redio haikuwa inazimika hovyo. Ilikuwa inazimika saa kumi kasoro, siku ambazo mbingu inanguruma, siku hizo tu. Na saa kumi kamili ndipo tunasomaga hali ya ziwa. Wavuvi wa kule kwetu Majita wanasikiliza kwanza, ndipo wanaamua waingie majini au wakae. Kaka yangu Abednego ni mmoja wao. Mwezi wa nne aliingia bila kusikia kitu, kwa sababu redio ilikuwa kimya, upepo ukampindulia mtumbwi, akashikilia dumu tupu la mafuta mpaka wenzake walipomfikia. Jumapili iliyofuata nilienda kwetu, tukatoka kanisani, mama mmoja jirani akaniuliza mbele ya watu, "Si wewe ndiye unazimaga redio?" Mama yangu akainamisha kichwa. Hiyo iliniuma kuliko barua.

Sasa, huku kwetu radi haina utani. Wingu likisimama juu ya ziwa tu, kila nyumba utasikia, "Chomoa! Chomoa!" Televisheni inachomolewa, friji inachomolewa, simu inatolewa kwenye chaji hata kama ina asilimia mbili. Kioo kinafunikwa kanga. Aliyevaa nyekundu anaambiwa aivue. Mtu anayekuchomolea kitu wakati wa radi anajua amekutendea wema, hata hodi hapigi. Na mara mbili nilikuwa nimeikuta plagi ya transmita, ule mtambo unaorusha matangazo hewani, imelala sakafuni.

Nikamshika Marieta, mfanyausafi wetu. Nilimfokea koridoni, watu wanasikia. Akalia. "Dada Getu, chumba kile mimi hata ufunguo sina!" Funguo zilikuwa mbili, mmoja wangu na mwingine wa meneja, ila wa meneja ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ofisini kwake, yeyote angeweza kuuchukua na kuurudisha. Kwa hiyo ushahidi sikuwa nao, si kwa Marieta wala kwa mtu mwingine.

Lakini nilijua ushahidi umekaa wapi. Ulikuwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa chini ya meza ya Bwana Mugeta tangu Januari, anawekea miguu.

Ndani ya boksi mlikuwa na kigawa-umeme cha mtandao, ambacho niliandika maombi kwa bodi mara tatu mpaka wakakinunua. Ekstensheni ya kawaida inagawa umeme, basi, kazi yake imeisha. Hiki kina akili. Ni pande la chuma bapa lenye soketi nane, unalifunga kwenye raki, lile kabati la mitambo lenye mlango wa kioo, unalichomekea waya wa mtandao. Linakuonyesha kila soketi inakula umeme kiasi gani. Unaweza kuzima au kuwasha soketi yoyote kwa simu hata ukiwa Musoma. Halafu, na hapa ndipo nilipolipendea, linaandika kila tukio: soketi ipi, saa ngapi, nani.

"Bosi, toa miguu," nikamwambia Jumanne asubuhi.

"Unataka nini tena na wewe?"

"Nataka kufanya kazi yangu kabla hujanifukuza."

Alitoa miguu. Nadhani alishangaa tu.

Tukatangaza hewani kwamba saa nne tutazimika kidogo kwa matengenezo, maana mimi nikizima huwa nasema. Nikachomoa ile ekstensheni kuukuu, matundu yake yamebabuka rangi ya ugali ulioungua. Nikakifunga kile chuma nyuma ya raki kwa skrubu nne. Namba moja nikaipa kisanduku cha mtandao, namba mbili kompyuta ya vipindi, namba tatu transmita. Kila plagi nikaibana kwa kibanio chake ili mkono wa haraka usiichomoe. Nikapanga na zamu ya kuamka: umeme ukikatika ukarudi, mtandao unatangulia, kompyuta inafuata, transmita inangoja dakika nzima ndipo iwake, siyo vyote vinakurupuka pamoja na kuangusha swichi kuu.

Na radi sikuidharau, mimi si mwendawazimu. Mchana mimi na Mzee Wanzagi, mlinzi wetu, tulichimba nyuma ya jengo mpaka mikono ikatoka malengelenge, tukazika fimbo ya shaba, tukaifukia kwa mkaa na chumvi ili udongo ubaki na unyevu, tukaunga waya mnene mpaka kwenye raki na kwenye mnara. Kizuia radi kipya nikakifunga hapo hapo. Mzee Wanzagi akasema, "Binti, hapa radi ikija itajikuta imeshafika chini haijui imepitia wapi."

Jioni nikakaa na kompyuta kukiwekea mipangilio. Nikakipa anwani yake ya kudumu kwenye mtandao, nikarekebisha saa yake, nikafuta pasiwedi ya kiwandani, ile ambayo dunia nzima inaijua. Bwana Mugeta akaja kusimama nyuma yangu.

"Na mimi niwekee kwenye simu. Mimi ndiye meneja, lazima niweze kuzima na kuwasha."

"Sawa, bosi."

"Weka jina moja tu na pasiwedi moja, tutumie wote. Mambo mengi ya nini?"

"Hapana."

"Hapana?"

"Kila mtu na jina lake. La kwako Mugeta, la kwangu Getruda. Kama hutaki, zima kwa mkono."

Akanipa simu yake nikamwekea, pasiwedi akaiandika mwenyewe.

Jumatano akasafiri kwenda Musoma kwenye kikao. Saa tisa hivi wingu jeusi likapanda kutoka upande wa ziwa. Nikafunga chumba cha mitambo, nikaenda kuutoa ufunguo wa meneja kwenye msumari wake, funguo zote mbili nikazikalia. Nikamwita Marieta aje akae pembeni yangu koridoni. Alikuja amenuna, na alikuwa na haki. Nikampa karanga. Redio ndogo ilikuwa mezani inaimba kwaya, na mimi nimeifungua kompyuta mapajani.

Mbingu ikanguruma mara ya kwanza. Ya pili. Kwaya ikakatika katikati ya neno.

"Umeona!" Marieta akaruka, karanga zikamwagika. "Umeona! Mimi si niko hapa?"

Nilikuwa nimeshaona. Kwenye kioo mstari mpya ulikuwa umejiandika: soketi namba tatu, imezimwa, saa tisa na dakika hamsini na mbili, Mugeta.

Jamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu yuko Musoma, ameketi kwenye kiti, anaizima redio kwa kidole, kesho kutwa anifukuze mimi kwa kuizima! Nikaiwasha namba tatu. Baada ya dakika moja transmita ikaamka, na saa kumi kamili mtangazaji wetu Gody akasoma: mawimbi makubwa, upepo wa kusini magharibi, wenye mitumbwi midogo wasiingie. Jioni Abednego akanipigia simu kusema hawakuingia. Nikalia kidogo, halafu nikaacha.

Marieta nilimwomba radhi palepale koridoni nilipomfokea, kwa sauti ileile, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Akasema, "Karanga zangu zimemwagika." Nikajua tumepatana.

Ijumaa nilivaa gauni langu jekundu. Ndiyo, jekundu, na wingu limetanda. Bodi ni watu watatu, na mwenyekiti ni Mama Benedikta, mkunga mstaafu wa Butiama, mwanamke ambaye nusu ya wilaya imepita mikononi mwake ikiwa uchi, kwa hiyo hatishiki na cheo cha mtu. Redio ndogo ya chumba cha mikutano ilikuwa imewashwa kwa sauti ya chini kama kawaida yetu.

Bwana Mugeta alizungumza kwanza. Uzembe, uzembe, uzembe. Alipomaliza nikaweka karatasi mezani, nimechapisha ule mstari.

Mama Benedikta akavaa miwani, akasoma. "Mugeta, hili jina ni lako?"

"Mashine hizi za mtandao, mama… mtu anaweza kutumia jina la mwenzake."

"Pasiwedi uliiweka mwenyewe," nikasema. "Mimi nilikugeuzia mgongo wakati unaandika."

"Usinijibu hivyo, Getruda! Mimi ni bosi wako!"

"Mpaka jioni hii tu, si ndivyo barua inavyosema? Basi acha nikujibu leo nimalize."

Mzee mmoja wa bodi akakohoa kuficha kicheko. Na hapo mbingu ikanguruma, ngurumo ndefu, madirisha yakatetemeka. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nne. Mkono wa kulia wa Bwana Mugeta ulishuka chini ya meza, na sote tuliuona ukishuka. Mwanga wa simu ukampiga kidevuni.

Redio ikaendelea kuimba.

Akabonyeza tena. Nilimwona bega likicheza. Redio ikaendelea. Akabonyeza tena na tena, jasho linamtoka kwenye paji la uso, anaitazama redio utadhani ni nyoka.

"Haizimi, bosi," nikasema. "Leo mchana nimekuondolea ruhusa ya kuzima. Nimekuachia ya kuangalia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alichofanya ni kuweka simu mezani na kufunika uso. Alipoanza kusema sauti ilikuwa imepungua. Alikuwa na miaka tisa, kule Nyamuswa, wanachunga na mdogo wake. Mvua ikawakuta. Walikuwa wamebeba redio ya baba yao, wakasikilizie mpira. Yeye alimwachia mdogo wake aibebe. Radi ikampiga.

"Zimeni," akasema. "Nawaomba zimeni. Ikinguruma siwezi kupumua kitu kikiwa kimewaka. Siwezi. Ningewaambiaje, meneja mzima wa redio anaogopa redio?"

Nilimwonea huruma, sitaki kudanganya. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na angeniambia tangu mwanzo ningemshika mkono nikampeleka nyuma ya jengo nimwonyeshe ile fimbo ya shaba. Lakini hakuniambia. Alichukua hofu yake akaniandikia mimi barua.

"Pole, bosi," nikasema. "Pole sana kwa mdogo wako. Kaka yangu yuko hai, na yuko Majita amekaa kwenye mchanga saa hizi anasubiri kusikia. Siizimi."

Nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti. Gody alikuwa anasoma. Mawimbi mpaka mita mbili, wenye mitumbwi midogo wasiingie. Radi ikapiga mahali karibu, taa zikapepesa, Bwana Mugeta akakamata ukingo wa meza. Mama Benedikta akauhamisha mkono wake wa kizee, akauweka juu ya mkono wa Mugeta, akaubana hapo kama alivyokuwa akiwabana wanawake wanaojifungua mara ya kwanza. Gody akasoma mpaka mwisho, akarudia mara ya pili kwa Kiswahili cha polepole, kama nilivyomwomba.

Ngurumo zilipohama kuelekea Serengeti, Mama Benedikta akavua miwani. "Mugeta, wewe na mimi tutazungumza tukibaki wawili. Getruda, hiyo barua mrudishie mwenyewe."

"Sirudishi, mama."

"Unasemaje?"

"Ni ya kwangu, ina jina langu. Nina kazi nayo."

Nikaingia nayo chumba cha mitambo, nikaigeuza upande mweupe, nikachukua kalamu ya wino mnene. Nilikuwa bado sijaandika orodha ya soketi ya kubandika kwenye raki. Nikaandika. Moja, mtandao. Mbili, kompyuta ya vipindi. Tatu, transmita, haizimwi. Nikaibandika kwa gundi kwenye kioo cha raki, sahihi ya Bwana Mugeta ikitazama ndani, kwenye mitambo, na maandishi yangu yakitazama nje.