Jozi Mbili Mlangoni Usiku wa Vimondo

Wenye watoto, sikieni yaliyomkuta fundi cherehani mmoja, mjane mwenye binti mmoja tu, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la zege lisilo na ukingo.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa maswali yake majirani walimwita Profesa. Mwalimu wa sayansi aliwaambia darasani kwamba kila mwaka, siku zile, vimondo huanguka kama mvua, na uhondo wenyewe ni saa nane usiku. Wiki nzima nyumba haikukalika.

"Mama, utaniamsha twende juu?"

"Nitakuamsha."

"Sema haki ya Mungu."

"We mtoto! Nipishe nishone."

Hakuwa na nia hiyo hata chembe. Kila akiliwaza lile paa, mtoto katazama juu, miguu inarudi nyuma, nyuma, sindano ilimchoma kidole. Akajisemea: atalala fofofo, asubuhi nitamwambia kulikuwa na mawingu.

Sasa mama huyu alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kulala alihesabu kandambili mlangoni. Jozi mbili, basi wote wamo ndani. Kitandani hachungulii, maana binti huyo hata mlango ukilia kidogo huamka.

Usiku ule usingizi ulimpaa. Saa nane na robo akatoka hadi kwenye ngazi, akakuta mlango wa paa uko wazi. "Huyu jirani na nguo zake za kuanika, iko siku atatuletea wezi," akanung'unika. Akarudi kuhesabu: jozi kubwa moja, ndogo moja. Akashusha pumzi, akapanda akabana kufuli, akajilaza.

Hakukaa sana, akasikia bomba linaloshuka ukutani kutoka kwenye tangi la paani. Ngo. Ngo. Akadhani ni maji. Kisha kwa nje, sauti ndogo: "Mama."

Alifika dirisha la jiko hajui kafikaje. Miguu miwili mitupu ilining'inia juu ya dirisha, kidole gumba kikitafuta pa kukanyaga.

Hakupiga kelele, asije akamshtua. "Profesa," akasema polepole, "rudisha mguu juu. Usitazame chini."

"Umenifungia, Mama."

"Nimekufungia. Panda, mwanangu. Nakuja."

Ufunguo ulikataa kuingia mara tatu. Mlango ulipofunguka, binti alikuwa amekumbatia tangi, magoti yamechubuka.

"Si ungegonga mlango!"

"Niliogopa utanichapa. Nilipanda peku usinisikie, nikataka kurudi kwa dirisha usijue." Akavuta kamasi. "Na wewe mbona hukuniamsha?"

 Mama akamvuta hadi katikati ya paa, wakalala chali, gauni la mwanawe kalikamata kwa ngumi.

"Kile pale!"

"Wapi?"

"Kimeshapita. Mama, unatazama miguu yangu, vimondo haviko huko!"

Kweli, hakuona hata kimoja. Siku hizi kandambili hahesabu tena. Huenda kitandani akagusa kichwa, binti anune asinune. Na ukiingia chumba cha kushonea, utaona kalenda ya mwakani ukutani, tarehe ile imezungushiwa chaki ya kukatia nguo, na pembeni mwandiko wa mama mwenyewe, herufi kubwa: KUMWAMSHA.