Ebitinge vya Nyanchera

"Subiri kwanza," Bosibori alisema, akajipangusa utomvu wa chai viganjani kwa leso. Hakutaka kushika ebitinge kwa mikono ya kazi.

Obwocha, mtafiti wa chuo kikuu, alikuwa amevitandaza barazani juu ya kitambaa cheupe: vikuku vya chuma vya miguuni, vile walivyovalishwa wake wa Kikisii zamani siku ya harusi. Chuo kilivifungia stoo tangu enzi za mkoloni, na sasa kilitaka kujua vilikuwa vya nani. Sanduku lilitaja mahali tu, Nyamache. Obwocha alipouliza sokoni huko, hakuna aliyesita: nenda kwa yule bibi ambaye mama yake alivua.

Neno hilo Bosibori alikua nalo. Mke havui ebitinge mume akiwa hai. Akivua, ameivunja ndoa. Mama yake, Nyanchera, alitoka asubuhi moja kwenda kutazamwa mguu kwa wamisheni, asirudi. Kisha mtu akaleta habari kwamba ameona ebitinge vyake vimetundikwa ukutani kwa daktari Mzungu. Baba hakuuliza la pili wala hakwenda kumtafuta. Alibomoa nyumba ya mkewe, akaoa mwingine, na Bosibori akalelewa kwa masimango.

Naye alilipiza kwa njia yake. Alizaa mabinti wanne, na kwa kawaida jina la bibi humrudia mjukuu. Hakuna hata mmoja aliyemwita Nyanchera.

Sasa aliinama. Kikuku kimoja kilikuwa kimezungushiwa waya wa shaba, pale baba yake mdogo alipokikaza kilipolegea.

"Ni vyake. Nilikuwa nikivisikia vikilia akitoka mtoni." Sauti yake ikawa kali. "Haya, niambie. Alivivua akaenda kwa mwanamume gani?"

Obwocha alikigeuza kikuku polepole. "Hakuvua, Magokoro, bibi yangu. Pitisha kidole hapa. Hii ni alama ya msumeno. Mguu ulivimba hadi chuma kikazama nyamani, daktari akavikata. Wiki hiyohiyo akafa. Daktari alieleza hivyo mwenyewe kwa barua alipoviuza chuoni, ila jina hakuliandika."

"Akazikwa wapi?"

"Palepale hospitalini. Siku hizi pamejengwa maduka. Hapana alama."

Bosibori alikaa chini kama mzigo uliotuliwa vibaya. Alilia bila kujificha, mzee mzima, kamasi zikimtoka. "Nilimtukana," alisema. "Tangu nikiwa mtoto, kila nilipopigwa nilimtukana yeye. Kumbe alikuwa amelala peke yake kule, akitungoja tumfuate."

Edinah, kifungua mimba wake, alisimama mlangoni asijue ashike nini.

"Chukua panga," mama yake alimwambia hatimaye. "Kata mgomba mchanga, unene wa mguu. Kisha uchimbe pale nyumba ya bibi yako ilipokuwa."

Edinah alielewa. Aliyefia mbali asionekane huzikwa kwa shina la mgomba badala ya mwili, angalau apate mahali pa kuitwa pake.

Shimo lilipokuwa tayari, Bosibori alilaza shina kwenye nyasi, akalivika ebitinge kimoja kimoja hadi kile cha waya wa shaba. Kisha akafungua leso yake na kulifunika shina sehemu ya juu, akaacha chuma nje.

Obwocha alisogea, kitambaa cheupe mkononi. "Magokoro, naona uchungu kukuambia. Lazima nirudi navyo leo. Kuvirudisha nyumbani kuna utaratibu wake, na mimi si mwenye kuamua."

"Nimekusikia, mwanangu." Bosibori hakunyanyua uso. "Basi vua wewe. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuvua."

Obwocha alichuchumaa. Alinyoosha mkono hadi karibu na shaba, ukabaki hapo. Edinah aliegemea jembe. Utomvu wa mgomba ulikuwa umeanza kushuka taratibu kutoka pale panga lilipopita, ukiingia chini ya chuma.