Mvua ya Kwanza ya Morotonga

Kwao Bhoke, Susuni, mvua ya kwanza ikinyesha hakuna anayekaa ndani. Watu wanachukua majembe, wanaitana mlima kwa mlima, na jioni mahindi yako ardhini. Kwa hiyo alipoolewa na Hezekia, kule Morotonga kwenye tambarare kavu, mvua ya kwanza ilipokuja akapanda mbegu yote ya mtama iliyokuwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa msibani. Bhoke alitaka akirudi afurahi.

Jua likawaka. Mtama uliota, ukanyauka ukiwa kimo cha kidole.

Mama mkwe aliporudi alisimama kando ya shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aling'oa mche mmoja, akausugua viganjani, akaingia jikoni.

Bhoke alingoja kugombezwa. Kwao mama angepiga kelele mpaka majirani wacheke, kisha wangekula ugali pamoja. Hapa hakuna aliyesema neno. Hezekia naye alikula, akanawa, akaenda kwa ng'ombe. Siku zikapita hivyo, Bhoke akaamini amechukiwa. Asubuhi moja akafunga nguo zake, akarudi Susuni.

"Kama wanamtaka waje wamfuate!" baba yake alifoka.

Hawakuja. Mahindi yakavunwa. Ndipo Hezekia akafika na mjomba wake, kudai ng'ombe wa mahari.

"Milima hii inakata pumzi," mjomba alisema. "Ndiyo maana mnaongea kwa kelele."

"Na nyie jua limewakausha ndimi!" baba akajibu.

Wakiwa wanabishana, Bhoke alimpelekea Hezekia maji.

"Mbona uliondoka?" Hezekia aliuliza taratibu.

"Mama alinichukia. Hakunigombeza hata kidogo."

"Bhoke, sisi mvua inatudanganya kila mwaka. Tukigombana kwa kila mbegu, nani atabaki? Mama aliomba mbegu kwa jirani. Akakuachia kipande cha karibu na nyumba, ili uje upande mwenyewe. Alikuachia mpaka mvua ikakatika."

"Sasa kwa nini hukunifuata?"

"Kwetu mtu akiondoka kimya, tunajua ameamua."

"Nilikuwa nakungoja, Hezekia."

Hezekia alitazama chini. "Mjomba ameshapeleka posa kwa watu wengine. Hawa ng'ombe wanakwenda kwao."

Akanywa maji yote, akarudisha kikombe. Bhoke alikipokea kwa mikono miwili, kama mke anavyopokea kwa mumewe. Baba alikuwa anamwita akafungue zizi.